"Tunamhitaji kule": barua ya wazi kwa Bodi na Menejimenti yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, na ninyi ndugu wajumbe mnaokaa kwenye ile meza ndefu ya Dodoma,

Mwangaluka. Huku kwetu Unyamwezini ndivyo tunavyoamkiana, na mimi naandika alfajiri, chai ikiwa bado jikoni, kwa sababu mchana ofisini kuna watu na usiku nina usingizi.

Jina la taasisi sitaliandika, wala langu. Ninyi mtanijua kabla hamjafika katikati ya barua, na hilo halinisumbui. Anayetaka kunitumia barua ya kujieleza anayo anwani yangu, ni ileile ya miaka yote. Naandika hadharani kwa sababu faraghani nilishaandika mara mbili, kupitia kwa mkuu wangu wa kazi kama taratibu zinavyotaka, na mara zote mbili nikajibiwa kwamba barua yangu "imepokelewa na inafanyiwa kazi". Ya kwanza ina miaka mitatu sasa inafanyiwa kazi. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa na kazi yenu miaka mitatu bila kuulizwa imefikia wapi.

Ninachouliza ni kidogo: mnatuchaguaje? Mtu anapotolewa kwenye kundi la maofisa akaingizwa kwenye menejimenti, akawa meneja wa kanda au mkurugenzi wa kurugenzi, ni nani wanakaa, wanaangalia nini, wanasema nini, na sababu zikishapatikana zinakwenda wapi? Maana huku hazifiki. Linafika jina tu.

Nianze na tofauti ambayo vijana wengi tunaowapokea kazini hawaijui, na wazee wengi tunajifanya hatuijui. Kupanda daraja ni jambo moja, kuteuliwa kushika madaraka ni jambo jingine. Kupanda daraja kuna ngazi yake kwenye muundo wa utumishi: unaanza Daraja la II, unakwenda la I, unakuwa Mwandamizi, unakuwa Mkuu. Kuna tange inayoonyesha nani alimtangulia nani, kuna ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, kuna bajeti, kuna tathmini ya kila mwaka. Ukicheleweshwa unalalamika, na wapo waliocheleweshwa wakaja kupandishwa kwa mserereko kufidia miaka iliyopotea. Ngazi hiyo ina manung'uniko yake, lakini walau unaiona. Unaweza kuhesabu vipago.

Madaraka hayana vipago. Ukishafika Afisa Mkuu, ngazi imeishia ukutani. Juu kuna dirisha, na dirisha hilo hufunguliwa kwa ndani. Siongelei nafasi ambazo Katiba, Ibara ya 36, imeziweka mikononi mwa Rais. Hizo tunajua ni za nani. Naongelea zilizo chini yake, zile ambazo Menejimenti inapendekeza, upekuzi wa mwenendo wa mtu unafanyika, Bodi inaridhia, barua inatoka.

Na mimi nimewahi kuwa ndani ya chumba hicho. Kabla sijasoma shahada kwa jioni na Jumamosi kupitia Chuo Kikuu Huria, nikabadilishwa kada, nilikuwa katibu mahsusi, zao la Chuo cha Uhazili cha hapahapa Tabora, enzi ambazo mtu hakuitwa mhazili bila hati mkato, ule mwandiko wa alama wa kunasa maneno yakisemwa. Makao makuu yakiwa bado Dar es Salaam, nilikaa kwenye vikao vya kupendekeza wakubwa kwa karibu miaka minne, daftari mapajani, kalamu mbili mkononi. Wajumbe husahau haraka kwamba mwandishi ana masikio. Nilikula kiapo cha kutunza siri na nitakitunza: sitataja mtu wala nafasi. Ila kuna maneno matatu ambayo siyawezi tena, nayo ni haya: majadiliano ya kina.

Kila muhtasari niliouchapa ulikuwa na sentensi hiyo. "Baada ya majadiliano ya kina, Kamati iliridhia." Niliichapa mpaka vidole vikawa vinaiandika vyenyewe. Sasa, hati mkato inakamata kila kinachosemwa, kwa hiyo mimi nilikuwa najua kina chenyewe kina urefu gani. Siku moja kilikuwa mistari sita. Mwenyekiti alisoma jina. Mjumbe mmoja akasema namfahamu, ni mtulivu. Mwingine akauliza, ndiye yule aliyefanya kazi chini ya fulani? Ndiye. Basi hana shida. Chai ikaletwa. Majina mawili yaliyobaki kwenye waraka hayakuguswa kabisa, yaliandikwa tu kwamba yalikuwepo.

Msinielewe vibaya. Aliyeteuliwa siku ile alikuwa mtu mzuri na aliifanya kazi vizuri. Wale wajumbe hawakuwa wala rushwa wala watu wa ukabila. Wengine niliwaheshimu kama wazazi. Walimchagua waliyemwona, basi. Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini, na kadiri ninavyozidi kukaa nalo ndivyo linavyonitisha, kwa sababu mwizi unaweza kumkamata, lakini mtu mwema aliyechagua anayemfahamu utamkamata kwa kosa gani?

Sasa la kwangu. Meneja wetu wa kanda alipostaafu, nilikaimishwa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, toleo la 2009, hazitaki mtumishi akaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita. Mimi nilikaimu miezi 27. Nilivuka Malagarasi mara nyingi mpaka wauza samaki wa pale darajani wakawa wananijua kwa gari. Ghala la Kasulu lilipoezuliwa na upepo, nililala kwenye gari usiku mbili na walinzi hadi turubai zikapatikana. Siyasemi haya ili nipewe pole. Nayasema kwa sababu hayapo kwenye fomu yoyote. Fomu ya OPRAS, ile ya tathmini ya utendaji tuliyoijaza tangu 2004 kabla ya kuhamia mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, ilikuwa na malengo, viashiria na alama. Mimi nilipata 1 miaka mingi (kwenye OPRAS 1 ndiyo ya juu, kama divisheni). Alama hiyo nilikuwa naisaini, bosi anasaini, inafungwa kwenye bahasha, inakwenda. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote, kwenye uteuzi wowote, akiitaja.

Kaimu ni kiumbe wa ajabu. Anasaini kama meneja, analaumiwa kama meneja, anakaa kama mgeni. Kiti cha aliyestaafu kilikuwa kirefu kwangu, miguu haikugusa sakafu sawasawa. Nilikiacha hivyohivyo miezi yote 27. Nilijiambia mwenye kiti atakuja.

Akaja. Ilikuwa Jumanne, niko Uvinza, mtandao unakatika na kurudi, mara simu ikaanza kutetemeka kwa mfululizo. Kundi letu la WhatsApp. "Hongera sana kaka." "Hongera kaka, Mungu akutangulie." Nikajua si mimi, kwa sababu mimi ni dada.

Barua rasmi ilinifikia siku tisa baadaye, mistari minne, ikinitaka niandae taarifa ya makabidhiano. Niliiandaa vizuri. Nilimpokea mgeni wangu, nikampeleka kusalimia Mkoa, nikamwonyesha maghala na watu. Ni kijana mwungwana, kanizidi elimu, nimemzidi umri. Siku ya tatu, tukila ugali na migebuka, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kwani wewe kwa nini hawakukupa?" Nikamwambia, mdogo wangu, nilikuwa nangoja unizoee nikuulize wewe. Tukacheka. Kisha akanieleza. Hakuomba. Hakuhojiwa. Alipigiwa simu Ijumaa jioni akiwa sokoni Majengo, ana nyanya mkononi, akaambiwa ajiandae kwenda Tabora. Kwa nini yeye? Hakuambiwa. Aliona aibu kuuliza, asije akaonekana hana shukrani.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa na kinyongo naye, na ndipo nilipoanza kuwa na swali nanyi. Mimi niliyekosa sijui kwa nini nimekosa, na yeye aliyepata hajui kwa nini amepata. Basi hiyo sababu anayo nani?

Na yeye ndiye aliyeumia zaidi. Wiki ya pili tu, getini, stoo, masjala, kote ilikuwa inajulikana: ana mjomba. Wengine walishampa mjomba huyo cheo na wizara. Kila alichoamua kilipimwa kwa mjomba. Alipokataa safari zisizo na maana, wakasema anajiamini kwa sababu ya mjomba. Baada ya miezi kadhaa aliniambia, karibu machozi yamtoke: "Dada, mimi wajomba zangu wawili, mmoja ni fundi cherehani Kongwa na mwingine marehemu." Nilimwamini. Lakini mlinzi wa getini amwamini kwa lipi? Hamkumpa hata sentensi moja ya kumjibu nayo. Mngeandika kwenye ile barua ya mistari minne kwamba ndugu huyu alisimamia kazi fulani na kanda ina tatizo la namna hiyo, mjomba asingezaliwa.

Sasa ndiyo nifike kwenye maneno ya kichwa cha barua. Yule kijana hakumaliza miaka miwili, nafasi ya mkurugenzi ikawa wazi Dodoma, akapandishwa. Safari hii na jina langu lilikuwepo kwenye mapendekezo. Sikulijua hilo mpaka mwaka jana, tulipokuwa msibani Isevya. Mmoja wa wakubwa waliokuwa kwenye kikao, amekwisha staafu, alikuja kuzika. Tulikaa mkeka mmoja tukingoja maji ya kunawa, akaniambia kwa ule upole wa mtu asiye na ofisi: "Mama, jina lako lilifika. Tena lilisemwa vizuri sana. Tukasema huyu ni mchapakazi, tunamhitaji kule."

Aliniambia akijua ananisifia. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani Cheyo, nikakaa barazani hadi mbu waliponifukuza.

Ndugu wajumbe, hebu tuitazame sentensi hiyo pamoja, maana ni yenu. Nafasi ya kule hamkunipa. Nafasi ya huko hamkunipa kwa sababu mnanihitaji kule. Ningekuwa mvivu mngenihamisha. Wavivu watatu nawajua walihamishwa kwenda makao makuu ili "wasimamiwe kwa karibu", na mmoja sasa ana ofisi yenye zulia. Kazi nzuri, kwa hesabu hiyo, ni kamba ya kumfungia ng'ombe mahali alipo. Na neno "kule" lenyewe! Kule ni wapi? Reli ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914. Zaidi ya miaka 110 tumeunganishwa nanyi kwa chuma, na bado tunaitwa kule, kama ng'ambo ya mto usio na daraja.

Wanaoamua wako Dodoma. Wanaoonekana machoni pa hao wanaoamua ni wanaoandaa nyaraka za Bodi, wanaosafiri na Mkurugenzi Mkuu, wanaosimama kwenye korido projekta ikigoma. Meneja wa Kibondo projekta yake ikigoma anaiona mwenyewe. Siwalaumu walioko karibu, hata mimi enzi zangu za hati mkato nilikuwa karibu, na nilifaidika. Ila ninyi mnadhani mnapima watu, kumbe mnapima umbali.

Na vijana wameshaisoma hesabu hiyo kabla yetu. Nimewalea maofisa saba tangu nirudi Tabora kutoka Kigoma. Watano wameomba uhamisho wa kwenda makao makuu, na wanne wamepata. Mmoja wao, msichana hodari ambaye angeweza kuiendesha kanda hii akiwa na miaka thelathini na tano, aliniaga akaniambia: "Mama, huku nitachapa kazi. Kule nitaonekana." Sikuwa na jibu. Nilimfungia kilo mbili za asali ya Sikonge apeleke kwa wakubwa zake wapya, na nikajiona nami nimeshaingia kwenye mchezo.

Sitetei kwamba anayefanya kazi kwa bidii ndiye lazima apewe madaraka. Hapana, na hapa wenzangu wengi wa huku hatutaelewana. Watafiti watatu wa Marekani, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wao juu ya wauzaji wa makampuni mengi: aliyeuza zaidi ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufanywa meneja, lakini timu walizokabidhiwa wauzaji hodari hao zilifanya vibaya zaidi. Kuuza si kuongoza. Hata kwetu nimeona mhasibu bora aliyepewa kurugenzi akaigeuza dawati lake kubwa. Kwa hiyo mkiniambia, mama, wewe ni mtendaji mzuri lakini kuongoza kurugenzi kunataka kitu ambacho hatujakiona kwako, mimi nitakaa chini niwasikilize. Huenda ni kweli. Nina ulimi, sipendi vikao virefu, na wanasiasa wananichosha. Haya yote ni mapungufu kwa mkurugenzi.

Lakini watafiti haohao walichunguza pia kampuni moja kubwa ya maduka huko Amerika ya Kaskazini, ambako kila mfanyakazi hupewa alama mbili: ya utendaji wake, na ya kile mkubwa anachodhani mtu huyo ataweza baadaye. Wanawake walipata alama za juu kuliko wanaume kwenye utendaji. Kwenye kudhaniwa, walipata za chini, na alama hiyo ya kudhaniwa ndiyo iliyowapunguzia vyeo kwa kiasi kikubwa. Miaka iliyofuata, wanawake walifanya vizuri kuliko wanaume waliodhaniwa sawa nao. Nilisoma hilo nikacheka peke yangu. "Ni mchapakazi" ni alama ya kwanza. "Tunamhitaji kule" ni alama ya pili, imevaa kanga ya sifa.

Najua mtakachosema. Mtasema kuna upekuzi, na ya upekuzi hayasemwi. Sawa kabisa. Basi semeni hivyo: ipo sababu ambayo hatuwezi kukueleza. Mtu mzima anaielewa sentensi hiyo. Mtasema mkitoa sababu mtazua kesi na malalamiko. Malalamiko mnayo tayari, ila yako getini na kwenye WhatsApp, yamevaa jina la mjomba, na hamwezi kuyajibu. Mtasema kuwaanika wasiochaguliwa ni kuwaaibisha. Jirani zetu Kenya, chini ya Katiba yao ya 2010, waliwahoji hadharani, runinga ikionyesha, watu walioomba kuwa Jaji Mkuu, mwaka 2011 na tena 2021. Majaji wazima waliulizwa maswali ya kutoa jasho mbele ya taifa, na waliokosa walirudi kazini. Siwaombi runinga. Sura yangu yenyewe si ya runinga. Huko Marekani, tangu sheria ya 1978 ilipounda daraja la watendaji wakuu wa serikali kuu, sifa za mtu anayeingia kwa mara ya kwanza zimekuwa zikipitiwa na jopo la watu kutoka nje ya taasisi inayompendekeza. Yaani alau jicho moja lisilokunywa chai naye kila siku.

Na kama mifano ya ng'ambo haiwapendezi, Tabora yenyewe inayo. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Walio wengi walifika wakiwa hawautaki. Mwalimu alisimama akajenga hoja, wakabishana, wakaamua kushiriki, ndiyo Uamuzi wa Busara tunaoufundisha shuleni. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Lakini Mtemvu aliondoka akijua ameshindwa na hoja gani, na sisi tunaijua hadi leo. Hata Waingereza, shule yao ya Tabora ya miaka ya 1920 waliyoikusudia kwa watoto wa machifu, kigezo chao kilikuwa kibaya lakini kilijulikana: wewe ni mtoto wa nani? Mtoto wa mkulima alijua kwa nini amebaki nje. Nyie mnatuacha nje na hata ubaya wa kigezo hatuujui.

Kwa hiyo naomba hivi. Nafasi ikiwa wazi, itangazwe ndani ya taasisi, na mseme mapema mnatafuta mtu wa namna gani kwa tatizo gani, kabla hamjajua majina. Jina likishindwa, aliyeshindwa apigiwe simu na mtu mmoja aliyekuwa ndani, dakika kumi na tano, aambiwe. Simu, wala si barua. Barua zenu nazijua, mimi ndiye niliyekuwa nazichapa. Aliyeshinda apewe sababu yake kwa maandishi aje nayo. Na mara moja kwa mwaka kikao cha Bodi kifanyike Kigoma au Tabora, si kwa ziara ya kupungiwa mikono, ila mkae siku mbili mtazame watu wakifanya kazi. Migebuka ipo, nyumba za wageni zipo. Mkichelewa kuamka, honi ya treni itawaamsha.

La ukomo wa kukaimu sina haja ya kuliomba. Ni lenu kwa mujibu wa kanuni.

Nina maslahi katika jambo hili na sitayaficha: tangu kijana apandishwe, nakaimu tena. Huu ni mwezi wa tisa. Nimebakiza miaka miwili kufika 55, umri wa kustaafu kwa hiari, na sijaamua. Wakati nafikiria, niliinama wiki iliyopita kuokota kalamu chini ya kile kiti, nikaona kumbe kina kishikio upande wa kulia. Nikakivuta. Kikashuka.

Kikao chenu kijacho kina nafasi mbili kwenye ajenda. Mwandishi wenu wa vikao, yeyote yule, namsalimu sana. Atakapofika kwenye yale maneno matatu, mwacheni asimame kidogo awaulize ni kina gani aandike.

Wenu mtiifu,

Kaimu Meneja, Tabora

Nakala: Jalada langu binafsi, masjala ya siri, ambalo sijawahi kulisoma.